Pale Alipoishia Mwanahawa

Maalim Rajabu Shekalaghe alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba hajui kusoma, mpaka siku ile ya mkutano wa kijiji. Aliyemwambia alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinasitasita kuota.

Ilikuwa miaka ile ya kisomo cha watu wazima. Redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba ujinga ni adui sawa na umaskini na maradhi, na kwamba pasibaki mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Huko Kwemzizi, kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, mwendo mrefu kutoka Lushoto, ofisa alifika asubuhi moja ya ukungu akiwa anaisukuma baiskeli yake kwenye mpando. Akakusanya watu mbele ya ghala la ushirika. Akasema wanaojua kusoma wasimame upande wa juu wa uwanja, wasiojua wasimame upande wa chini.

Maalim alikwenda juu bila kusita. Alikuwa amevaa kanzu yake na koti zito la sufu juu yake, maana baridi ya Kwemzizi haiheshimu kanzu. Ofisa alipita akimpa kila mtu gazeti asome mstari mmoja. Alipofika kwa Maalim, Maalim alilishika gazeti, akalitazama, akalirudisha.

"Hizi si herufi zangu, mwanangu," alisema. "Mimi nasoma za Kiarabu. Hata Kiswahili nakiandika, lakini kwa hizo hizo."

"Mzee, kisomo tunachokitaka ni hiki," kijana akasema. Hakusema kwa jeuri. Alikuwa na haraka tu, vijiji vingine vilikuwa vinamsubiri. "Wewe teremka upande ule."

Karibu Waislamu wote waliokuwa pale walikuwa wamekalia mkeka wa Maalim wakiwa watoto, nao walikuwa wamewapeleka wanao kwenye mkeka uleule. Hata Wakristo wa kijijini walimwita Maalim, kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Wakamwona akiteremka uwanja taratibu, bakora mkononi, mpaka upande wa chini walikosimama akina mama na wazee. Mke wake, Bi Tatu, alikuwa huko. Hakumtazama usoni. Alisogea tu kidogo, akampa nafasi ya kusimama karibu naye.

Nyumbani Maalim hakula. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akiukoroga kwa kijiti pasipo sababu.

"Mimi!" alisema mwishowe. "Mimi niliyetembea kwa miguu mpaka Muheza nikiwa kijana, nikakaa kwa sheikh wangu miaka, nikimtekea maji na kumlimia shamba ili anifundishe. Leo nasimamishwa na wasiojua alifu!"

Bi Tatu alikuwa anachambua maharage. Aliacha mpaka hasira ipungue, kama mtu anavyongoja maji yatulie ndipo achote.

"Mimi nitakwenda," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye kisomo. Wamesema tuanze Jumatatu, alasiri, kwenye ghala."

Maalim akainua mabega. "Nenda. Wewe kweli hujui."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mvua inanyesha. Walikuwa wameoana wangali vijana, na katika miaka yote hiyo Bi Tatu alikuwa amewapikia uji wanafunzi wa mumewe, amewafulia kanzu, amewaosha vidonda, wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwaza kwamba naye angeweza kukaa mkekani. Walipata mtoto mmoja, binti, jina lake Mwanahawa. Homa ya masika ilimchukua akiwa bado na mapengo ya meno ya utoto. Tangu hapo Mungu hakuwajalia mwingine, na lile jina halikutajwa tena ndani ya nyumba.

Mwalimu wa kisomo alikuwa Raheli, binti wa mwinjilisti Nathanaeli wa usharika wa Kilutheri pale kijijini. Alikuwa amemaliza darasa la saba, mpole, mwenye sauti ndogo iliyowalazimu watu kutulia ili wamsikie. Wanafunzi wake walikaa kwenye mabenchi kati ya magunia ya viazi na matenga ya kabichi yaliyokuwa yakingoja lori la Mombo. Bi Tatu hakukosa hata mara moja. Alitoka shambani, kwenye kitivo chao huko bondeni, akanawa miguu mtoni, akafunga khanga safi, akaenda.

Nyumba ikaanza kubadilika. Bi Tatu akawa anaandika kwa mkaa kwenye mafiga. Akawa anasoma maandishi ya magunia. Siku moja walipokuwa wakienda Soni gulioni alisimama ghafla njiani mbele ya kibao kilichokuwepo tangu zamani, akakikazia macho, midomo ikichezacheza, kisha akacheka peke yake kama msichana.

"Kuna nini?" Maalim akauliza.

"Kimeandikwa 'Soni'," alisema. "Miaka yote hii kilikuwa kinasema 'Soni' na mimi sikusikia."

Maalim akatabasamu, ingawa hakupenda. Siku chache baadaye, asubuhi, kabla hajaenda kitivoni, Bi Tatu aliketi mbele ya mumewe, akakunja miguu kama wanavyokaa watoto wa chuoni.

"Maalim, nina ombi. Nifundishe na herufi zako."

"Kurani?"

"Kurani."

Maalim alivua kofia akajikuna kichwa. "Bi Tatu, umri umekwenda. Ulimi wa mtu mzima ni mgumu. Sala zako unazijua, hizo zinakutosha."

"Raheli hakuniuliza umri wangu," alisema Bi Tatu polepole. "Na wewe kila Ijumaa unatuambia kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Sijasikia ukisema mpaka umri gani."

Maalim alivaa tena kofia yake. Akatoa ubao, akasaga masizi akafanya wino, akachonga kalamu ya mwanzi. Wakaanza.

Haikwenda vizuri. Maalim alikuwa mwalimu wa namna ya waliomfundisha yeye: alisema mara moja, akataka lirudi kama alivyolisema. Bakora ilikaa karibu naye, na ijapokuwa hakuwahi hata kuwaza kumgusa nayo mkewe, aliigonga chini kila alipokosea. Bi Tatu mkono wake ulikuwa umezoea kuanzia kushoto. Alichanganya jimu na ha na kha, maana kwake zote zilikuwa mama mmoja na nukta ndiye mtoto wake, mara kambeba tumboni, mara kichwani, mara hana mtoto. Kila bakora ilipogonga, hata alichokuwa anakijua kilimtoka.

"Tumelirudia hili jana!" Maalim alisema asubuhi moja. "Na juzi! Watoto wadogo wanalijua. Kichwa chako kina nini?"

Bi Tatu aliweka kalamu chini. Akaufuta ubao kwa kiganja, vizuri, mpaka ukawa mtupu, akauegemeza ukutani.

"Ngoja niangalie moto," alisema.

Moto ulikuwa unawaka vizuri. Hakurudi mkekani siku ile, wala iliyofuata, wala zilizofuata. Hakununa. Alimpa mumewe chai yake, akamwandalia maji ya kutawadha, akamwambia habari za shamba. Lakini akawa anakaa jikoni na kitabu chake cha kisomo, akisoma kwa sauti ya chini, na Maalim alipokuwa upande wa pili wa ukuta aliisikia ile sauti ikikwama, ikirudi nyuma, ikijaribu tena, bila woga. Hakuwahi kuisikia hivyo mbele yake.

Alivumilia, kisha akashindwa. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mbona umeacha?"

Bi Tatu alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kurusha maneno.

"Wewe ni msomi, Maalim. Hakuna anayelikataa hilo. Lakini umesahau kutojua kulivyo. Umejua kwa muda mrefu mno." Kisha akaongeza, "Siogopi bakora. Naogopa nikikosea utaniona mjinga, nami nitabaki nawe ndani ya nyumba hii ukiwa umeniona hivyo."

Maalim alirudi barazani. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, hata migomba ya jirani ilikuwa haionekani. Alikaa pale mpaka wakati wa adhana ya adhuhuri ukampita, na adhana hiyo ilikuwa yake mwenyewe kuiadhini, kwa hiyo watu wa Kwemzizi siku ile walichelewa kusali.

Alasiri ya siku ya pili yake, Raheli alikuwa ameanza kuandika ubaoni pale mlango wa ghala ulipotiwa kivuli. Aligeuka. Chaki ikasimama.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, binti yangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Unamtafuta Bi Tatu?"

"La. Nimekuja kusoma, ukiniruhusu."

Watu kwenye mabenchi walitazamana. Raheli alihangaika, akavuta kiti chake mwenyewe, kile kimoja chenye egemeo, akakiweka mbele. Maalim akatikisa kichwa. "Kiti hicho ni cha mwalimu," alisema. Akapita kati ya matenga mpaka nyuma, akaketi kwenye benchi pembeni ya mzee Silvano, mpasua mbao aliyekuwa akifanya kazi Shume, ambaye alimsogezea nusu ya ubao wake na kumnong'oneza, "Usiogope. Mwanzo tu ndio mgumu."

Bi Tatu, aliyekuwa mbele na akina mama, hakugeuka. Lakini Maalim aliiona shingo yake ilivyonyooka.

Somo lilikuwa neno moja tu, "baba". Raheli aliwaita mmoja mmoja ubaoni. Ilipofika zamu ya Maalim alisimama akaenda ubaoni. Alishika chaki. Alikuwa ameandika aya za Mungu kwenye mbao nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na sasa vidole vyake vilikuwa kama vya mtu mwingine. Jasho likamtoka mgongoni, ndani ya lile koti, katika baridi ile. Aliandika. Akarudi nyuma kutazama. Alikuwa ameanzia kulia, na neno likawa "abab".

Mtu mmoja akacheka. Alikuwa mswaga punda, zamani mwanafunzi wake, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akaziba mdomo kwa mikono miwili akiwa amejaa hofu. Hapo Maalim alimwona yule mtu alivyokuwa mdogo, ameketi mkekani, macho kwenye bakora. Akawaona wengi. Akajiona mwenyewe huko Muheza, mbele ya sheikh wake, mkojo ukimbana kwa woga. Alikuwa amelisahau hilo kabisa.

Raheli alisogea ubaoni. Hakufuta. Alichora mshale mdogo chini ya neno, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hukukosea, Maalim," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mkono wako unajua njia nyingine. Sasa tuuonyeshe na hii."

Maalim akaandika tena. Mara hii ikawa "baba", iliyopinda kidogo kama mzee aliyebeba kuni. Akacheka yeye mwenyewe, kwa sauti, na ghala zima likacheka naye.

Kwa desturi Maalim hutangulia njiani na mkewe hufuata. Siku ile walirudi pamoja, bega kwa bega, ingawa kijia kilikuwa chembamba na khanga ya Bi Tatu ililowa kwa majani.

"Jasho lilinitoka," Maalim alisema.

"Niliona."

"Mpaka viganjani."

"Chaki ilikuwa inateleza," Bi Tatu alisema, akacheka, na Maalim akacheka.

Walipofika kwenye kilima cha kuelekea nyumbani, Maalim alisimama. "Nisamehe, Bi Tatu. Nilikuwa nakufundisha kama ninayekupa changu mwenyewe, nikikasirika unapokiangusha. Wala si changu. Nimepewa tu nikipitishe."

Bi Tatu alimtazama. Akamtoa jani lililokuwa limeganda kwenye bega la koti. "Kesho asubuhi," alisema.

Asubuhi ile jua lilitoka mapema, ukungu ukashuka mabondeni ukabaki chini kama maziwa kwenye bakuli. Walitandika mkeka nje, ukutani penye joto. Bakora haikuwepo, Maalim alikuwa ameikita kwenye bustani ya nyuma iwe mti wa kutambalia maharage.

"Leo tusianze na ubao," alisema. "Nisomee kwanza unachokijua kwa moyo, nijue ulipo. Hata kama ni kidogo."

Bi Tatu alifumba macho. Alianza na sura ya mwisho kabisa, ile wanayoanza nayo watoto, akaimaliza, akaingia iliyo juu yake, kisha nyingine. Maalim alidhani atasimama kwenye tatu au nne zile za kusalia. Hakusimama. Alipanda sura baada ya sura, kama wanavyopanda watoto katika juzuu, hapa na pale akikosea herufi kwa namna ya kitoto, akivuta mahali pasipo na mvuto. Maalim aliacha mdomo wazi. Lile kosa la kuvuta alikuwa amelisikia mahali. Alilijua, lakini hakukumbuka ni la nani.

Bi Tatu alifika kwenye sura inayoapa kwa jua la asubuhi. Akasoma aya zake za mwanzo, akafika pale Mungu anapomkumbusha Mtume wake kwamba alikuwa yatima. Akasoma mpaka neno la mwisho la aya ile, "fa-aawaa". Hapo akasimama.

"Endelea," Maalim alisema taratibu.

"Siijui zaidi ya hapo."

"Imebaki kidogo sana. Aliyekufundisha aliachaje katikati ya sura?"

Bi Tatu alifumbua macho. "Mwanahawa aliishia hapo," alisema.

Kuku walikuwa wanaparua majani karibu na mkeka. Maalim alisikia makucha yao.

"Kila alipotoka kwako alikuja jikoni," Bi Tatu aliendelea, "akanisomea alichokipata siku ile. Alikuwa anajifanya yeye ndiye maalim na mimi mwanafunzi. Nikikosea ananigonga kwa mwiko." Alitabasamu kidogo. "Nilivyoshika vyote nilishika kwake. Siku ya mwisho alinisomea mpaka hapo. Akaniuliza, mama, 'fa-aawaa' maana yake nini? Nikamwambia sijui, kamwulize baba yako."

Maalim alishika ukingo wa mkeka. Sasa alikumbuka.

"Aliniuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Nikamwambia soma tu, usiulize. Maana utaipata ukikua."

"Ndiyo. Alirudi akaniambia hivyo hivyo, 'baba amesema nitaijua nikikua.' Usiku ule ndipo homa ikaanza."

Maalim aliinamisha kichwa. Bi Tatu hakuwa na hasira usoni. Kama aliwahi kuwa nayo, ilikuwa imekwisha zamani, imelimwa pamoja na magugu ya kitivo mwaka baada ya mwaka.

"Sikutaka kukulaumu," alisema. "Ulifanya kama walivyofanya walimu wote. Ila nimekaa miaka yote na lile neno, na nimeona haya kukuuliza. Nikasema, nikijua kusoma mwenyewe, labda siku moja nitaikuta maana yake bila kumsumbua mtu. Lakini leo nakuuliza. Baba Mwanahawa, maana yake nini?"

Hakuna aliyemwita hivyo tangu siku ya mazishi.

"Maana yake, akampa pa kukaa," Maalim alisema. "Mungu anamwambia Mtume wake: nilikukuta huna baba wala mama, nikakupa pa kukaa. Nikakuweka mahali penye usalama, ukahifadhiwa."

"Akampa pa kukaa," Bi Tatu alirudia.

"Ndiyo."

Alilisema tena kwa sauti ya chini, mara hii kwa Kishambaa, kwa lugha aliyokuwa akimbembelezea mtoto. Kisha machozi yakamtoka, bila kelele, akayaacha yateremke. Maalim akasogea karibu, akaushika mkono wake uliokuwa na sugu za jembe. Alikuwa hajaushika hivyo mchana kweupe tangu waoane.

"Basi yuko mahali," Bi Tatu alisema. "Kumbe alikuwa anaondoka na jibu mdomoni mwake."

Walipokwisha kutulia alijifuta kwa khanga. "Haya. Nipe zilizobaki."

Maalim akamsomea iliyofuata, naye akairudia. Akamsomea nyingine. Alimpa na maana ya kila moja, bila kungoja aulizwe. Walifika kwenye aya inayokataza kumwonea yatima, halafu ile inayoifuata. Maalim aliisoma, akafungua mdomo atoe maana yake, akashindwa.

"Hiyo inasemaje?" Bi Tatu aliuliza.

"Inasema..." Alitazama mbali, bondeni, jua lilipokuwa linaanza kuukata ukungu. "Inasema anayekuja kuomba asikaripiwe. Na sheikh wangu alitufundisha kwamba anayeuliza ili ajue naye ni mwombaji. Nimeisoma aya hii maisha yangu yote, Bi Tatu. Nimeifundisha kijiji kizima. Nadhani leo ndiyo siku ya kwanza kuisikia."

Bi Tatu aliisoma ile aya, polepole, akivuta panapovutwa.

Kuanzia hapo chuo cha Maalim Rajabu kilibadilika, na watoto ndio waliogundua wa kwanza. Kila siku wakimaliza kusoma, aliwaambia wabaki na kila mmoja mwenye swali aulize. Mwanzo walikaa kimya, wakihofia mtego. Kisha msichana mmoja akauliza, mwezi ukiisha huwa unakwenda wapi?

Maalim alifikiri. "Sijui," akasema.

Mkeka mzima ukashtuka. Hawakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

"Sijui," alirudia, akaona kwamba mara ya pili ni nyepesi. "Nitauliza."

Alimwuliza Raheli, darasani, mbele ya wote. Raheli alichukua tochi ya mlinzi wa ghala na tunda la plamu, akaligeuza na kulizungusha mbele ya mwanga, nusu ikiwaka nusu ikiwa giza, mpaka mzee Silvano akasema "Aa!" kwa furaha. Siku ya pili Maalim aliwaonyesha watoto vilevile. Alipomaliza aliwaambia, "Haya nimeyapata kwa mwalimu wangu, Raheli binti Nathanaeli."

Maneno yalifika mbali. Ijumaa mzee Abdallah, aliyekuwa akisimamia mambo ya msikiti, alimvuta Maalim pembeni baada ya sala.

"Maalim, unanitia aibu. Unakaa benchi moja na akina mama, sawa, serikali imetaka. Lakini kuwatajia watoto wetu msichana wa kanisani kuwa ndiye mwalimu wako?"

"Ni mwalimu wangu, mzee wangu. Amenifundisha."

"Si ungesema tu jambo lenyewe ukaacha jina?"

"Ningesema hivyo, watoto wangedhani nimelijua mwenyewe. Huo ungekuwa wizi, tena ndani ya chuo cha Kurani." Maalim alimshika mkono. "Sheikh wangu hakuwa akitaja elimu bila kumtaja aliyempa. Wakati ule nilidhani ni adabu tu. Sasa naona ni namna ya kujikumbusha kwamba uliwahi kuwa hujui."

Mzee Abdallah alikwenda zake akiguna. Lakini Ijumaa ile ile alasiri, mke wake alionekana akiteremka kwenda nyumbani kwa Bi Tatu na mkeka chini ya kwapa. Hakuwa peke yake. Wanawake walikuwa wameanza kuja mmoja mmoja, kila mmoja akidai amekuja kuazima chumvi, mpaka baraza ikajaa na chumvi ikawa haiazimwi tena. Bi Tatu aliwafundisha zile sura za mwanzo. Alizokuwa hajazifikia aliwaambia wazi, bado, nikifika nitawaambia. Maalim alikaa ndani, na akisikia herufi imekosewa hakutoka mpaka aitwe.

Mtihani wa kisomo ulipofanyika, ofisa yule yule alipanda tena mlima na baiskeli yake. Bi Tatu alifaulu akapandishwa hatua ya juu. Maalim alibaki nyuma yake, kwa sababu mkono wake uliendelea kusahau njia kila alipofanya haraka. Alipokwenda gulioni Soni aliwaambia watu kabla hawajauliza, "Mke wangu amenipita," na alilisema kwa furaha ambayo waliomfahamu zamani walishindwa kuielewa.

Ofisa alikuwa amekuwa mtu mzima zaidi. Alimtafuta Maalim ghalani, akasimama mbele yake akipindapinda kofia.

"Mzee, siku ile nilikuteremsha uwanja mbele ya watu. Nilikuja kujua baadaye wewe ni nani. Nisamehe."

"Hukunikosea," Maalim alisema. "Uliniweka nilipokuwa nastahili kuanzia." Kisha, kwa kuwa alikuwa hajaacha tabia ya kuuliza, akaongeza, "Wewe herufi za Kiarabu unazijua?"

Kijana akacheka kwa haya. "Sizijui, mzee."

"Basi siku ukiwa na nafasi, njoo. Mlango uko wazi. Hatutakuuliza umri."

Bi Tatu aliendelea na juzuu yake kwa miaka. Walisoma asubuhi, nje, kabla ya kwenda kitivoni, na mara nyingi jembe lilichelewa kwa sababu aliuliza sana. Kulikuwa na asubuhi alipofika kwenye neno ambalo Maalim alianza kulijibu kwa haraka, kwa uzoefu wa zamani, kisha akajikamata.

"Nadhani najua," alisema, "lakini sina hakika. Ngoja nikaangalie."

Akainuka, akishika kiuno, akaingia ndani kuutafuta ule mzigo wa vitabu alivyovibeba kichwani kutoka Muheza. Bi Tatu akaweka kidole chake chini ya lile neno lisipotee, akamngoja.